Mwaka wa Saba: Pumziko la Shamba na Raha ya Nafsi



Jumapili moja baada ya ibada, mzee mmoja mkulima alinishika mkono nje ya kanisa, akanivuta kando kivulini. Siku hiyo mhubiri alikuwa amesoma Mambo ya Walawi, sura ya 25, mahali ambapo Mungu awaamuru wana wa Israeli walime miaka sita, na mwaka wa saba waiache ardhi ipumzike. Mzee akaniambia, "Mwanangu, wewe ni karani, nawe umesoma kwa wamisheni, hebu nieleze. Shamba langu ni ekari mbili tu, na nyumbani nina wajukuu watano. Nikiliacha mwaka mzima bila kulilima, wajukuu hao watakula mahubiri?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe juma moja nikasome." Akacheka, akasema, "Soma, mwanangu, lakini usisahau kwamba masika hayamngoji msomaji." Basi haya niyaandikayo leo ni jibu langu kwake, na kwa kila mtu aliye na swali kama lake. Tena, kama mtakavyoona, ni jibu kwangu mimi mwenyewe, ambaye shamba langu ni dogo, lakini meza yangu ina majalada yasiyokwisha.

Yafaa kwanza tuifahamu amri yenyewe, maana wengi huinena kwa kuisikia tu. Imetajwa katika Biblia mahali pengi, nami nitataja manne. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, mkulima aamriwa apande na kuvuna kwa miaka sita, kisha mwaka wa saba aiachilie ardhi yake pamoja na mizabibu na mizeituni, ili maskini wa watu wake wapate kula, na watakachosaza maskini kiliwe na wanyama wa porini. Katika Walawi, sura ya 25, neno lazidi kwenda mbele: huko ardhi yenyewe imepewa sabato yake, kana kwamba nayo ni mtumishi mwenye haki ya kupumzika. Mwenye shamba haruhusiwi kupanda mbegu wala kupogoa mizabibu, wala kuvuna yaliyoota yenyewe kama mtu akusanyaye mali yake ghalani. Lakini kula aruhusiwa. Yeye na watumwa wake, na kibarua wake, na mgeni akaaye kwake, na mifugo yake, hata wanyama wa mwituni, wote hula kwa pamoja kile kitakachoota.

Mahali pa tatu ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 15. Hapo twaona kwamba mwisho wa kila miaka saba ndio wakati wa kuachilia madeni, ili Mwisraeli asimdai ndugu yake. Na mahali pa nne ni sura ya 31 ya kitabu hicho hicho, ambapo Musa aagiza kwamba katika mwaka wa maachilio, wakati wa Sikukuu ya Vibanda, watu wote wakusanywe, waume kwa wake, na watoto, na wageni, wasomewe torati wakisikia kwa masikio yao.

Yaweke mambo hayo manne pamoja, msomaji mpenzi, nawe utaona jambo ambalo mimi sikuliona mpaka mzee aliponisukuma nilitafute. Ardhi, maskini, mdaiwa na neno la Mungu vyote vimefungwa katika mwaka mmoja. Jembe linapowekwa chini, ua wa shamba hufunguliwa. Ua unapofunguliwa, daftari la madeni hufungwa. Na haya yote yakiisha kutendeka, ndipo sikio la mkulima lipatapo nafasi ya kusikia. Waebrania huuita mwaka huo shmita, nalo neno hilo latokana na kitenzi chenye maana ya kuachilia kitu kitoke mkononi. Hapo ndipo ulipo moyo wa mambo yote. Pumziko la Biblia ni kazi ya mkono unaofunguka.

Sasa na turudi kwa swali la mzee, la wajukuu na chakula. Nilipoisoma ile sura mpaka mwisho, nilistaajabu kuona kwamba swali lake limeandikwa mle ndani. Katika aya ya 20, Mungu mwenyewe asema kwamba watu watauliza watakula nini mwaka wa saba, ikiwa hawapandi wala hawakusanyi mazao. Basi, mzee wangu, usione haya kwa kuuliza. Mtoa sheria alijua tangu mwanzo kwamba mkulima ana tumbo, na ana watoto, na ana hofu.

Na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Katika nchi ya Israeli mvua za kwanza huanza kunyesha mwezi wa Oktoba au Novemba, nao wakulima wa kale walipanda shayiri na ngano majira hayo. Shayiri ilivunwa karibu na Aprili, na ngano mwezi wa Mei au Juni; kisha kikaja kiangazi kirefu pasipo mvua. Hawakuwa kama sisi tulio na masika na vuli katika sehemu nyingi za nchi yetu, ambapo mtu akikosa mvua za kwanza huweza kutumaini za pili. Kwao kukosa kupanda mara moja ilikuwa ni kukosa nafaka ya mwaka mzima. Tena mwaka wa saba ulianza wakati wa kupanda; kwa hiyo aliyeliacha shamba lake hakuonja nafaka mpya mpaka alipovuna alichopanda mwaka wa nane. Ukihesabu kwa vidole utaona kwamba mavuno ya mwaka wa sita yalipaswa kumlisha kwa muda wa karibu miaka miwili.

Jibu la Mungu katika aya zifuatazo ni ahadi ya kwamba baraka yake itakuwa juu ya mwaka wa sita, nao utazaa mazao ya kutosha miaka mitatu. Angalia sana mpango wa ahadi hiyo. Baraka huja kabla ya pumziko, na kila mkulima wa Israeli, katika mwaka wa sita, aliona ghala lake likijaa, akapaswa kuchagua. Je, ayaone mazao hayo kuwa chakula cha kumwezesha kupumzika, au ayaone kuwa faida ya kumtia tamaa ya kulima zaidi?

Nisingependa msomaji adhani kwamba jambo hilo lilikuwa rahisi kwao. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, sura ya 6, chasimulia vita vya karne ya 2 kabla ya Kristo, ambapo watu wa mji wa Beth-zuri walilazimika kuutoa mji kwa adui kwa sababu hawakuwa na akiba ya chakula. Ulikuwa mwaka wa sabato ya nchi. Waliishika amri wakapata taabu. Mwandishi wa historia Myahudi, Josephus, aliandika kwamba Julius Caesar aliwasamehe Wayahudi kodi katika mwaka wa saba, kwa kuwa alijua hawapandi wala hawachumi matunda. Hata mtawala wa Roma, ambaye hakuabudu Mungu wao, alikubali kwamba ardhi isiyolimwa haiwezi kudaiwa kodi.

Na kwa upande wa madeni, Musa aliona mapema hila ya moyo wa binadamu. Katika ile sura ya 15 alionya kwamba mtu asije akamnyima maskini mkopo kwa sababu tu mwaka wa saba umekaribia. Mambo yakawa vivyo hivyo. Wenye fedha walifunga mikono, mpaka mwalimu mkuu Hillel, aliyeishi karibu na wakati wa kuzaliwa kwa Kristo, akaweka desturi ya hati maalum, ambayo kwayo mdai aliyakabidhi madeni yake kwa mahakama ili yasifutwe. Alifanya hivyo kwa ajili ya maskini, wapate kukopeshwa. Lakini twaona jinsi mkono wa binadamu ulivyo mgumu kufunguka, hata sheria ikiuamuru.

Mapambano hayo hayajakwisha hata leo. Wayahudi washikao torati katika nchi ya Israeli wangali wakiuhesabu mwaka wa saba, nao wa karibuni ulianza Septemba 2021 ukaisha Septemba 2022. Wako walioacha mashamba yao kabisa. Wako wengine wanaofuata ruhusa iliyotetewa na Rabi Abraham Isaac Kook katika miaka ya 1909 na 1910, ya kumwuzia ardhi kwa muda mtu asiye Myahudi ili kilimo kisikome na watu wasife njaa. Wao kwa wao hujadiliana kwa ukali juu ya jambo hilo. Mzee wangu wa ekari mbili akienda huko, atakuta wenzake wakiuliza swali lake.

Je, Waisraeli wa kale wasipoiacha ardhi ipumzike ilikuwaje? Hili ndilo neno la kutisha kuliko yote. Walawi, sura ya 26, yaonya kwamba wakikataa kuipa ardhi sabato zake, wao watachukuliwa uhamishoni, na ardhi itakaa ukiwa, ijipatie mapumziko iliyonyimwa. Mwaka 586 kabla ya Kristo, Yerusalemu ulianguka mikononi mwa Nebukadreza mfalme wa Babeli, na kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, katika sura yake ya mwisho, chasema kwamba wakati huo ardhi ilizifurahia sabato zake mpaka miaka 70 ikatimia. Sisi makarani tumezoea hesabu. Basi na tupige hesabu hii. Mwaka mmoja wa pumziko kwa kila miaka saba, ukidaiwa hata ukafika miaka 70, ni deni la miaka 490. Ardhi haikuandika barua ya kudai, wala haikupiga kelele. Ilingoja tu.

Hapa, ndugu msomaji, Biblia na bwana shamba wanena neno moja. Ardhi inyimwayo pumziko haipotezi haki yake. Siku yaja itakapojitwalia kwa nguvu. Nani kati yetu hajaliona shamba lililolimwa mahindi mwaka baada ya mwaka, tangu siku za baba yake, bila samadi wala kubadilisha mazao? Kwanza majani hugeuka manjano kabla ya wakati wake. Kisha magunzi huwa madogo. Halafu katika sehemu za magharibi mwa nchi yetu hutokea kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo hunyonya mizizi ya mahindi, nalo hustawi sana katika udongo uliokwisha rutuba. Mwishowe mvua huuchukua udongo wa juu kwenda mtoni, na mwenye shamba hubaki na mawe. Shamba hilo limeanza kupumzika, lakini limepumzika kwa hasira.

Wazee wetu waliijua siri hii ingawa hawakusoma Walawi. Walilima kipande miaka michache, wakahamia kingine, wakakiacha cha kwanza kiote vichaka mpaka nguvu zake zirudi. Lakini wakati huo nafasi ilikuwapo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1948, Kenya ilikuwa na watu milioni 5 na nusu hivi. Katika hesabu ya mwaka 2019 tulizidi milioni 47. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Ekari ishirini za babu ni ekari tano za baba, na ekari tano za baba ni ekari moja na nusu ya mwana. Kumwambia mtu wa ekari moja na nusu aiache yote mwaka mzima ni kumtwika mzigo ambao sisi wenye mishahara hatuubebi hata kwa kidole.

Hata hivyo Mungu hakuiumba ardhi iwe na njia moja tu ya kupumzika. Ng'oa mche wa maharagwe au kunde, utazame mizizi yake. Utaona vifundo vidogo vidogo. Ukikipasua kimoja ukakuta ndani yake ni chekundu au cha waridi, ujue vijidudu vilivyomo vinafanya kazi yao, ambayo ni kuitwaa nitrojeni iliyo hewani na kuigeuza iwe chakula cha mimea. Mahindi hayana uwezo huo. Mahindi hula tu. Kwa hiyo kipande kilichochoka mahindi, kikipandwa mimea ya jamii ya kunde, na mabaki yake yakirudishwa udongoni, huwa kimepata pumziko ingawa hakikukaa kitupu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kilimo cha miti na mazao, wenye makao yao Nairobi, walifanya majaribio pamoja na wakulima wa Kenya ya magharibi na wa mashariki mwa Zambia, wakipanda miti midogo kama sesbania na tephrosia katika mashamba yaliyochoka, kisha kuikata na kupanda mahindi mahali pake. Na huko Peramiho, kusini mwa Tanzania, watawa Wabenedikto walieneza mmea wa jamii hiyo hiyo uitwao marejea. Jina hilo lanipendeza, kwa sababu lasikika kama neno la kurudi, na kwa kweli kinachorudi ni rutuba.

Wala tusidhani kwamba pumziko ni kuliacha shamba uchi. Udongo ulio uchi wakati wa mvua haupumziki, huibiwa. Shamba la Walawi halikuwa tupu. Liliota lenyewe, wanyama wakaingia, maskini wakaingia, likawa na uhai mwingi pengine kuliko lilipolimwa. Kilichoondoka ni kitu kimoja tu, nacho ni mkono wa mwenyewe uliosema, hiki changu.

Sasa na niseme juu ya nafsi, maana huko ndiko maneno haya yote yalikokuwa yakielekea. Bwana Yesu, katika Injili ya Luka, sura ya 12, alisimulia habari za mkulima tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Alipoona hana mahali pa kuweka mavuno, alikata shauri avunje ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi. Kisha akaiambia nafsi yake ipumzike, ile na kunywa na kufurahi, kwa kuwa akiba ni ya miaka mingi. Usiku ule ule akafa.

Mlinganishe mtu huyo na yule mkulima wa Walawi katika mwaka wa sita. Wote wawili walipata mavuno makubwa. Wote wawili walinena habari za pumziko. Lakini mmoja alifungua ua wake, na mwingine aliongeza ghala. Mmoja alipumzika kwa sababu alikubali kwamba ardhi ni ya Mungu naye ni mgeni tu juu yake, kama isemavyo aya ya 23 ya sura ile. Mwingine alitaka kupumzika juu ya magunia yake. Nafsi haina raha juu ya magunia. Ni kweli wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini wako watu waliokwisha kuchuma juani miaka mingi, na kivulini hawajafika, kwa sababu kila wakikaribia huona gunia moja zaidi.

Tena mwili waweza kukaa kitako na nafsi isipumzike kabisa. Nabii Amosi, katika sura ya 8, awakemea wafanya biashara walioishika sabato kwa kufunga maduka, huku mioyo yao ikihesabu saa za kuifungua tena ghala ya ngano, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Hao walipumzika mikono tu. Mimi nawajua vyema watu wa namna hiyo, kwa sababu mmoja wao ndiye anayeandika maneno haya. Mara nyingi nimeketi kanisani Jumapili huku fikira zangu ziko ofisini, zikipanga majibu ya barua za Jumatatu. Nimechukua majalada nyumbani, nikawaambia watoto wangoje kidogo, mpaka wakaacha kuniita. Nilijidanganya kwamba hiyo ni bidii. Kumbe nilikuwa kama shamba la mahindi la miaka ishirini. Majani yalikwisha kugeuka manjano nami sikuyatazama.

Nilipokuwa nikimsomea mzee jibu lake, nilifika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Hapo Mungu awaambia Waisraeli washike sabato kwa kuwa walikuwa watumwa Misri, naye akawatoa. Nikakumbuka habari za Farao katika Kutoka, sura ya 5, jinsi Waisraeli walipoomba ruhusa waende kumwabudu Mungu, naye akawanyima nyasi za kufanyia matofali, na hesabu ya matofali isipunguzwe hata moja. Mtumwa hana siku ya kupumzika. Kwa hiyo apumzikaye hutangaza kwamba yu huru. Na mtu huru ambaye hawezi kuacha kazi yake hata siku moja katika saba, yampasa ajiulize ni Farao gani aliyemkalia moyoni. Farao huyo pengine si mkubwa wake wa kazi. Pengine ni hofu ya kesho, au ada za shule, au jirani aliyejenga nyumba ya mabati mapya.

Kwa mtu aliyechoka, Mungu ni mpole kuliko tudhanivyo. Nabii Eliya, katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkaripia. Alimwacha alale usingizi, akamtuma malaika na mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa tena akala. Baada ya hayo ndipo safari ikaendelea mpaka mlima Horebu, na huko akaisikia sauti ndogo ya utulivu. Mtu aliyechoka kiasi kile asingeisikia sauti hiyo kabla ya kulala na kula. Na Bwana Yesu naye, wanafunzi wake walipokosa hata nafasi ya kula kwa ajili ya wingi wa watu, aliwaita waende faraghani wapumzike kidogo. Imeandikwa katika Marko, sura ya 6.

Yako pia maneno yake katika Mathayo, sura ya 11, ambapo awaita wote waliolemewa na mizigo, awape raha nafsini mwao. Mkulima wa ng'ombe ayafahamu maneno hayo kuliko karani, kwa sababu Bwana asema juu ya nira. Nira hufungwa juu ya ng'ombe wawili. Ng'ombe mchanga hufungwa pamoja na aliyezoea, naye hujifunza kuvuta bila kujichosha bure. Basi raha ambayo Bwana aahidi haimtoi mtu shambani. Humpa mwenzi wa kuvuta naye. Kesho yake jembe liko pale pale na majalada yako pale pale, lakini havutwi peke yake tena.

Na sasa, mzee wangu, jibu lako ni hili. Amri ya mwaka wa saba ilitolewa kwa wana wa Israeli juu ya nchi waliyopewa, na kwa hiyo sitakufunga kwayo, wala sitakuambia uwalaze wajukuu wako na njaa kwa jina la Mungu. Mungu aliyewakumbuka hata wanyama wa porini katika sheria ile hapendezwi na njaa ya watoto. Lakini ardhi yako nayo imo katika maneno yake. Zigawe ekari zako mbili katika vipande saba, na kila mwaka kipande kimoja kisipandwe mahindi. Kipande hicho kipande fiwi au kunde au marejea, urudishe mabaki yake udongoni, na ukiweza uongeze samadi. Nakiri kwamba hiyo si shmita, maana wao waliacha yote kwa pamoja. Ni njia ya mtu wa ekari mbili. Na pale kunde zitakapokuwa tayari, mruhusu mjane wa jirani aingie achume mboga bila kuomba. Bila tendo hilo la mwisho, utakuwa umefanya kilimo kizuri tu.

Nasi makarani tusijione kwamba sheria ya shamba haituhusu. Siku moja katika juma, iwe Jumamosi kwa washikao hiyo, iwe Jumapili kwa wengine, majalada na yabaki ofisini. Na kama kuna ndugu uliyemkopesha shilingi kidogo miaka mingi iliyopita, nawe kila ukikutana naye njiani yeye huinamisha macho, mwambie mambo yale yamekwisha. Utashangaa ni nani kati yenu wawili atakayelala vizuri zaidi usiku ule.

Nilimpelekea mzee jibu hili Jumapili iliyofuata, nikamsomea lote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kile kipande cha juu karibu na njia kimechoka kweli. Nitakianzia hicho." Halafu akanitazama, akauliza, "Na wewe, mwanangu, utaanza na kipande gani?"

Swali hilo, wasomaji wapenzi, nawaachia na ninyi.